Fuvu la Kalenga ni la nani?

Mkataba wa Versailles ulisainiwa Juni 28, 1919, na ukiusoma wote utasinzia. Mipaka, meli, reli, makaa ya mawe, fidia juu ya fidia. Kuna mahali Mjerumani anaamriwa atoe ng'ombe wa maziwa 140,000, yaani 90,000 kwa Wafaransa na 50,000 kwa Wabelgiji, na juu yake mafahali, kondoo, mpaka mbuzi. Halafu unafika kifungu cha 246. Ni kifupi, na kina mambo mawili tu. La kwanza, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, Msahafu wa Khalifa Othman uliotolewa Madina na Waturuki urudishwe kwa Mfalme wa Hijaz. La pili, katika miezi sita hiyo hiyo, Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, lililoondolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani.

Huku Uhehe hakuna aliyemwita sultani. Alikuwa mtwa, yaani chifu wa Wahehe. Lakini tuliache hilo, maana kuna kubwa zaidi: mataifa yaliyoshinda vita iliyoua mamilioni ya watu yaliona vyema kuweka kichwa cha mtu wa Iringa kwenye karatasi moja na mipaka ya Ulaya.

Leo fuvu liko Kalenga, kijiji kilichopo kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, ndani ya kabati la kioo katika makumbusho ndogo. Nimeshapeleka wageni wengi pale, na nilidhani nimezoea maswali yao yote. Mwaka jana nikaenda na mpwa wangu wa darasa la sita, kaja likizo kutoka Dar. Akasogeza uso mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi, akakaa kimya, kisha akauliza: "Mjomba, wamejuaje ni yeye?"

Mwongoza wageni akamjibu kwa upole: "Lilipimwa." Mtoto akaitikia, nami nikaitikia, ila njiani nikaona aibu. Lilipimwa nini? Kwa kutumia nini? Na nani? Haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa siku ile.

Swali lake ni moja kwa sura, lakini ndani yake yapo matatu, na ubishi wote unaousikia kwenye vilabu vya ulanzi unatokana na kuyachanganya. Je, kichwa cha Mkwawa kilikatwa kweli? Kama kilikatwa, kilifika Ujerumani? Na kama kilifika, hilo lililorudi 1954 ndilo lenyewe? Mtu anajibu la kwanza kwa uhakika, kisha uhakika ule ule anaubeba hadi la tatu. Hapo ndipo anapopotea.

Tuanze na la kwanza, na tuanzie mbali kidogo, maana bila Lugalo huelewi kwa nini Mjerumani alikitaka kichwa kile.

Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, ndiye Mkwawa wetu, alikuwa kiongozi wa Wahehe Wajerumani walipoanza kupanda kutoka pwani. Agosti 17, 1891, kikosi cha Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi lao la kikoloni, yule ambaye watu walimpa jina la Nyundo, kilikuwa kinapita Lugalo kwenye msafara mrefu, askari na wapagazi kwa mstari mmoja, bila wasiwasi wowote. Inasimuliwa kuwa Wahehe walikuwa wamejilaza kwenye vichaka na mawe wakingoja mlio mmoja wa bunduki kama ishara, na kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alifyatua risasi kumlenga ndege. Basi, mikuki ikashuka. Zelewski alikufa pale pamoja na Wazungu wengine tisa na zaidi ya askari 200. Wahehe waliondoka na bunduki karibu 300. Uweke akilini mzigo huo wa bunduki, tutauhitaji mbele.

Kwa Berlin hii ilikuwa fedheha isiyomezeka. Oktoba 30, 1894 walirudi wakiwa wamejiandaa, wakaipiga Kalenga kwa mizinga na kuuvunja ukuta wa mawe ambao Mkwawa alikuwa ameujenga kwa miaka. Wazee husema jina la Tosamaganga, kile kilima cha jirani, limetokana na mizinga iliyokuwa ikitupwa kutoka kule, kwa maana ya "tupa mawe". Ngome ikaanguka, mtwa akatoroka.

Kwa karibu miaka minne akawa mtu wa porini. Mjini Iringa lipo jiwe la Gangilonga, "jiwe linaloongea", ambalo masimulizi yanasema alikuwa akipanda juu yake kutafakari na kupata habari za adui. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince akajenga kituo cha kijeshi Iringa. Wajerumani wakamtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa kwa baba, kisha hawakumwamini na mapema 1897 wakamnyonga. Dau la rupia 5,000 likawekwa juu ya kichwa cha Mkwawa. Kwa Kiswahili "kuweka dau juu ya kichwa" ni namna ya kusema tu. Hapa haikuwa namna ya kusema.

Julai 19, 1898, sajenti aitwaye Merkl alikuwa kwenye nyayo zake upande wa Pawaga. Alimkamata kijana aliyekuwa na mtwa, ambaye alisema bwana wake anaumwa na anatema damu. Merkl akanyatia hadi Mlambalasi, kwenye miamba, akaona watu wawili wamelala chini. Akafyatua. Alipokaribia alikuta wote wawili wameshakufa, na Mkwawa alikuwa amejipiga risasi mwenyewe kabla ya hapo. Merkl akaamuru kichwa kikatwe, akakipeleka kituoni Iringa kwa Prince, na mwili ukazikwa Mlambalasi.

Maelezo haya yanatoka kwa Mjerumani mwenyewe aliyekuwepo, na upande wa familia nao unajua kuwa mwili ulizikwa bila kichwa. Kwa hiyo swali la kwanza halina ubishi. Kichwa kilikatwa, na kilifika Iringa mjini.

Sasa la pili. Hapa barabara ya lami inaishia.

Maofisa na madaktari wa Kijerumani wa wakati ule walikuwa na mtindo wa kupeleka vichwa vya watu Ulaya. Makumbusho na vyuo vikuu vya kule vilikuwa vinakusanya mafuvu kwa maelfu, kwa imani kwamba ukipima mifupa ya kutosha utajua "aina" za binadamu na daraja zao. Mjini Berlin alikuwepo Felix von Luschan, daktari na mtu wa makumbusho, ambaye mkusanyo wake ulikuwa wa kutisha kwa ukubwa. Wengi wa watu wale walichimbuliwa makaburini au kuchukuliwa kwenye miti ya kunyongea. Kwa hiyo kudhani kwamba kichwa cha adui mkubwa kama Mkwawa kilisafirishwa ni dhana yenye mantiki. Ila dhana yenye mantiki si risiti.

Aliyeipeleka dhana hii mezani kwa wakubwa ni Horace Byatt, mtawala Mwingereza wa eneo lililokuja kuitwa Tanganyika. Novemba 1918, bunduki za Ulaya zikiwa zimenyamaza tu, aliandika London kupendekeza fuvu lirudishwe. Hoja yake ilikuwa ya kisiasa moja kwa moja: Wahehe waliwasaidia Waingereza kwenye vita, fuvu likirudi watafurahi, na kila mwenye macho ataona kwamba Mjerumani kwisha. Pendekezo likapanda ngazi hadi likaangukia kwenye kifungu cha 246.

Soma tena kile kifungu uone kilivyoandikwa. Kinasema fuvu lilipelekwa Ujerumani kana kwamba mtu alikuwa ameliona kule. Hakuna jina la makumbusho wala la mji. Mkataba ukaanza kutumika Januari 10, 1920, miezi sita ikahesabiwa, na Wajerumani wakajibu kuwa fuvu hilo hawana. Waingereza wakanung'unika kidogo kisha wakaacha. Mataifa yaliyoweza kuhesabu ng'ombe wa maziwa hadi wa mwisho yalishindwa kupata kichwa kimoja. Miaka zaidi ya 30 ikapita.

Tunafika 1953, kwa Gavana Edward Twining. Kama kuna mtu mmoja aliyefanya uwe na kitu cha kutazama pale Kalenga, ni huyu. Alifukua suala lile, akaandikiana na Wajerumani, na mwishowe akaenda mwenyewe hadi jijini Bremen, kwenye makumbusho ya huko yenye mafuvu kama 2,000. Kati ya hayo, 84 yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hakuna hata moja lililoandikwa "Mkwawa".

Utafanyaje? Twining alitumia kipimo kinachoitwa fahirisi ya kichwa. Unachukua upana wa kichwa, unaugawa kwa urefu wake kutoka paji la uso hadi kisogoni, unazidisha kwa 100. Kichwa chenye upana wa sentimita 13 na urefu wa 18 kinakupa 72. Ndugu wa Mkwawa walikuwa na fahirisi ya 71 au 72, kwa hiyo yakatafutwa mafuvu yenye namba hizo. Katika yaliyobaki, moja lilikuwa na tundu. Daktari wa upasuaji wa polisi wa Bremen akalitazama, akasema tundu linalingana na risasi za bunduki za askari wa Kijerumani wa enzi zile. Twining akaridhika. Huko ndiko "kupimwa" alikokutaja mwongoza wageni wetu.

Niliporudi nyumbani nilitaka mpwa wangu aelewe kipimo hiki, basi tukakifanya. Unahitaji rula na vitabu viwili vya jalada gumu: unaviegemeza kimoja kila upande wa kichwa, unapima nafasi kati yake, kisha unageuka na kufanya hivyo hivyo mbele na nyuma. Mimi nilipata 74. Yeye 73, baada ya kumkemea mara tatu atulie. Jirani yetu, Mkinga wa Makete aliyekuja kuazima jembe, naye akataka apimwe: 72 kamili. Akatuuliza kama anaweza kuanza kuitwa mtwa, au asubiri barua.

Kichwa cha mtu aliye hai kina ngozi na nyama, kwa hiyo namba zetu za sebuleni si za kuzipeleka mahakamani. Lakini utani wa jirani ndio hoja yenyewe. Fahirisi ya kichwa si alama ya kidole. Namba moja inabebwa na maelfu ya watu, wa ukoo mmoja na wa koo zisizojuana kabisa, na ndani ya familia moja inaweza kutofautiana. Inaweza kukusaidia kusema "hili huenda si lake". Haiwezi kukuambia "hili ndilo".

Na lile tundu? Watu wengi wanaona hapo ndipo penye ushahidi. Mimi naona ndipo panapolegea zaidi. Kwanza, tayari tuna milio miwili Mlambalasi: ule wa Mkwawa mwenyewe, na ule wa Merkl aliyewafyatulia watu aliodhani wamelala. Tundu ni la upi? Pili, kumbuka bunduki za Lugalo. Tangu 1891 Wahehe walikuwa nazo mikononi, kwa hiyo risasi ya Kijerumani ingeweza kutoka upande wowote. Tatu, na hili ndilo zito, Wajerumani walipiga watu risasi nchi nzima, kutoka pwani hadi maziwa, na baadaye kwenye Maji Maji kuanzia 1905. Fuvu la Mwafrika lenye tundu la risasi ya Kijerumani, ndani ya makumbusho ya Kijerumani iliyolipata kwenye koloni la Kijerumani, ni kitu ambacho ungetegemea kukikuta. Tundu linatueleza namna mtu huyo alivyouawa, au alivyopigwa akiwa maiti. Jina lake halimo ndani ya tundu.

Si kwamba ninamwita Twining mwongo. Sidhani alikuwa mwongo. Nadhani alikuwa mtu aliyeingia chumba chenye mafuvu 84 akiwa amekwisha kuamua kwamba hatatoka mikono mitupu. Tazama mwaka. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya kwa sababu ya Mau Mau, na jirani yake huku kusini alikuwa na kila sababu ya kutaka Wahehe, watu wenye sifa ya kupigana, wawe upande wake. Hesabu ya Twining ilifanana na ya Byatt: rudisha kichwa, upate urafiki.

Katikati ya 1954 fuvu likaletwa Kalenga kwa sherehe kubwa, gavana akihutubia, na Chifu Adam Sapi Mkwawa akalipokea. Huyu ni mjukuu wa Mkwawa, ambaye baada ya uhuru alikuja kuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Mwaka huo huo, Julai 7, TANU ikaanzishwa Dar es Salaam. Twining alitaka kutuliza watu kwa kuwarudishia shujaa wao, na shujaa akarudi wakati watu wanaanza kuulizana kwa nini wanatawaliwa. Sina hakika kama aliliona hilo akiwa pale jukwaani na kofia yake ya manyoya.

Kwa hiyo swali la tatu: ndilo lenyewe? Kwa ushahidi wa 1953, haijathibitishwa. Inawezekana ni lake, kama inavyowezekana kwa mafuvu mengine kadhaa ya chumba kile. Lilichaguliwa. Na mtu akisema hivyo pale Iringa si kwamba amemtukana Mkwawa. Aliyoyafanya Mkwawa yamo Lugalo na Kalenga, hayamo kwenye kabati la kioo.

Sayansi ya leo ingeweza kuuliza swali hili vizuri kuliko rula. Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali ya Berlin ilitoa matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda na karibu 200 ya Tanzania. Machache yalilinganishwa vinasaba na watu walio hai, na moja likaoana kabisa na familia ya Kichaga: ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, yule aliyenyongwa na Wajerumani Machi 2, 1900. Hapo hakuna mambo ya namba 72. Hapo mjukuu anatoa mate kwenye kijiti cha pamba, na mfupa unamtambua. Mangi Meli mwenyewe, ambaye ukoo wake umemtafuta kwa miongo, hakupatikana kwenye utafiti ule.

Huku kwetu nyanda za juu kusini, Mkwawa hayuko peke yake. Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa 1906 kwa ajili ya Maji Maji, naye familia yake inasema kichwa kilichukuliwa. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akakutana na wajukuu, akaomba radhi, na akaahidi msaada wa kulitafuta fuvu. Huo mji umebeba jina la mtu ambaye wenyewe wanamtafuta.

Juzi nilimpeleka mpwa wangu Mlambalasi, kama kilomita 50 kutoka mjini. Kuna kaburi, na kuna pango la mwamba ambalo watafiti wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya binadamu ya maelfu ya miaka kabla hata ya kuwepo Mhehe. Jua lilikuwa kali, nyani wakipiga kelele juu ya mawe. Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa, kwa urefu, mpaka nikaona anachora mchanga kwa kijiti. Nikadhani amechoka. Nilipomaliza akatupa kijiti.

"Mjomba, kama si yeye, sasa pale Kalenga ni nani?"

Nikaanza kumwambia habari za yale mafuvu 84, kwamba 83 yalibaki Bremen baada ya Twining kufunga sanduku lake.

"Najua," akasema. "Nauliza huyu mmoja. Kwao wanajua yuko wapi?"